Ubeti Uliokwama Kwenye Tope

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na nane, watoto watatu, na vidole vyenye grisi ya baiskeli ambayo hata sabuni ya kipande ilishakata tamaa nayo. Kabla ya hapo nilikuwa naweka dole gumba kila penye karatasi. Niliweka dole kwenye mikutano ya kijiji, kliniki, kwenye harusi ya mdogo wangu, mpaka dole lenyewe likachakaa kama tairi la nyuma. Siku niliyoandika jina langu lote bila kuchungulia ubaoni, nilitembea kutoka shuleni mpaka nyumbani nikisalimia watu, mbuzi, na nguzo mbili za umeme.

Aliyenifundisha ni madamu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi ya hapa kwetu Ringwani. Serikali ilimleta kutoka Tanga. Mchana alifundisha watoto, jioni akatufundisha sisi wazazi wao, kwenye madawati yale yale, magoti yetu yakigusa kidevu. Tulianza watu ishirini na kitu. Wengine walikimbizwa na kilimo, wengine na aibu, mmoja alikimbizwa na hesabu za kugawanya na hajaonekana tena upande wetu wa mto. Tuliofika mwisho na kupewa cheti tulikuwa wanne: bibi mmoja mkulima wa ulezi, mfugaji jirani yangu, mama anayeuza chai na chapati njia panda, na mimi fundi baiskeli. Cheti changu nimekitundika ukutani juu ya redio. Ni kikubwa kama mlango wa zizi, ukikitazama kwa jicho langu.

Ilikuwa mwisho wa Februari. Ardhi ilikuwa imepasuka nyufa ambamo kuku wangu alitumbukia na kutokea kwa jirani. Mvua za kupandia zilikuwa bado. Ndipo mwalimu akapata barua ya uhamisho, anarudi kwao, na gari la kubeba vitu vyake litakuja Jumamosi ya wiki ya pili.

Tukamwendea wanne, tumekoga, kumuuliza tumpe zawadi gani.

"Mbuzi, mwalimu," mfugaji akasema. "Beberu. Tumeshakubaliana."

"Huyo beberu nitamkalisha wapi, kaka yangu? Mapajani, mpaka Tanga?" Akacheka. "Miaka saba nipo hapa, sijaona watu wanaotaniana na mvua kama nyinyi. Ikichelewa mnaitukana, ikija mnaikimbilia kama mjomba aliyetoka safari. Basi niandikieni hilo. Shairi la utani, la kuwasili kwa mvua. Beti nne tu. Kila mmoja awe na ubeti wake, ila mlitunge pamoja. Nikifika kwetu nimsomee mama yangu, nimwambie hawa ni wanafunzi wangu."

Sijui wenzangu walisikia nini. Mimi nilisikia kwamba mtu aliyenitoa kwenye dole gumba anataka kwangu kitu kimoja tu: mistari minne. Niliapa moyoni nitampa, na itakuwa mistari ambayo mama yake Tanga ataisikia na kuuliza, huyo ni profesa wa wapi?

Sasa nieleze kosa lilikotokea, na kosa ni langu, nisimsingizie mtu.

Kwetu huku tunalimiana. Leo tunakwenda wote shambani kwako, kesho kutwa kwangu, mpaka mzunguko uishe. Mwenye shamba anapika uji na anasema kinapandwa nini na wapi. Wengine wanainama na kulima. Ukienda kulima kwa mtu hubishani naye. Hata akisema anapanda mawe, unachimba mashimo ya mawe, unakunywa uji, unakwenda kwako. Ndiyo sheria, na hakuna aliyeiandika kwa sababu hakuna aliyewahi kuivunja.

Mimi, kwa akili zangu mpya za cheti, nikasema: "Jamani, shairi tulilime kwa zamu. Leo kwa bibi, halafu kwa mfugaji, halafu kwa mama chapati, mimi wa mwisho. Kila tukienda kwa mtu, tunatunga ubeti wake."

Wakanipigia makofi. Wakasema kweli huyu kasoma. Wakanichagua niwe mwenye daftari. Nilivimba siku nzima, hata pancha sikuziba.

Jumatatu tukaenda kwa bibi. Shikamoo, marahaba, uji ukaja wa ulezi, mzito, kijiko kikisimama chenyewe. Nikafungua daftari, nikawakumbusha mizani nane na nane, vina kati na mwisho, kama mwalimu alivyotufundisha. Nikaanza, "Mawingu meusi yanakuja..."

"Weka hapo hayo mawingu," bibi akasema. "Huku ni kwangu. Mimi nataka ndege."

"Ndege gani, bibi?"

"Wanaokula ulezi wangu. Sijapanda bado na wameshafika, wamejipanga kama watu wa kliniki. Andika ndege."

Nikamtazama mfugaji, mfugaji akatazama uji wake. Sheria ni sheria. Tukainama, tukalima ndege mpaka jua likakaribia kuzama, bibi anasema kwa Kikurya, sisi tunageuza, mimi nahesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Tukapata hivi:

*Mgeni yuko njiani, ndege wameshajipanga,*
*Wamekaa ukutani, wote wamebeba panga,*
*Ulezi u kibuyuni, wao wameshautwanga,*
*Nitawatia chunguni, niwale na huo unga.*

Walicheka mpaka bibi akapaliwa. Mimi nikauliza kwa upole, "Lakini bibi, mvua iko wapi?"

"Si umeandika mgeni yuko njiani? Unataka nini zaidi, nimtandikie kitanda?"

Nikajituliza. Nikasema, ubeti wa kwanza ni mlango tu, mvua itaingia wa pili. Usiku ule nililala na matumaini makubwa kama ghala la serikali.

Alhamisi tukaenda kwa mfugaji. Huyu bwana ana dume moja la ng'ombe, la mabaka, na analisema kama wengine wanavyowasema watoto wao walioko chuo kikuu. Nilijua. Njiani nilimwambia mama chapati, "Leo tutaona pembe." Hata hivyo nilitarajia pembe za kiasi. Tulipoketi tu akaniita mura, yaani kijana, kama tunavyoitana kwa Kikurya:

"Mura, andika dume langu."

"Kaka, shairi ni la mvua."

"Na nani huwa anaijua mvua kwanza? Redio? Dume langu linanusa siku tatu kabla. Andika."

"Basi tuseme linanusa, halafu mvua inakuja."

"Halafu linaruka."

"Linaruka, halafu mvua inakuja."

"Halafu linavunja zizi. Kweli lilivunja, mwaka juzi, muulize mke wangu."

Mkewe akaitikia kutoka jikoni kwamba ndiyo, lilivunja, na mwenye dume akakimbilia juu ya mti. Hiyo hakutaka iandikwe. Bibi akaongeza mawingu kwa kunionea huruma, na mfugaji akayakubali, ila kwa masharti yake:

*Dume langu la mabaka, limenusa toka mbali,*
*Kwa furaha likaruka, likavunja zizi hili,*
*Mawingu yakashituka, yakatimka maili,*
*Jirani msije cheka, lina akili kamili.*

Nikaweka kalamu chini. "Umeyafukuza mawingu!"

"Nani, mimi?"

"Dume lako! Shairi la kuwasili kwa mvua, na wewe umeifukuza! Ilikuwa njiani kwa bibi, imefika kwako ikageuka! Sasa mwalimu atasoma nini kwa mama yake? Kwamba huku Mara mvua ilikuja ikakutana na ng'ombe?"

"Lakini si kweli ni dume zuri?"

"Fundi, kunywa uji," mama chapati akaniambia. "Sheria uliileta wewe."

Hilo ndilo lililoniuma kama msumari wa kiatu. Sheria niliileta mimi. Nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba nitakufa na shinikizo la damu kwa sababu ya mabaka. Akanijibu kwamba watu wanakufa na mambo makubwa kuliko hayo, nikamwage maji ya kuku.

Wiki ya pili, Jumanne, kwa mama chapati. Nilikwenda nimechoka. Jua bado linawaka kama linadai kitu, mbegu za mahindi ziko kwenye gunia, na mwalimu tumemwona njia panda akinunua kamba za kufungia mizigo. Mama chapati alikuwa amekwisha kuamua: ubeti wake ni wa kuni mbichi, maana kila mvua ikianza kibanda chake kinajaa moshi na wateja wanalia kama wafiwa.

Nikasema, kwa nia njema kabisa, kwamba tungeweza kuweka chapati zikawa ngumu hata zimshinde fisi, kwa utani.

"Ngumu? Chapati zangu?" Akashika kiuno. "Wewe ulikula nne juzi ukaomba na mchuzi wa bure. Andika kwamba wananyamaza kwa mate."

Nikaandika kwamba wananyamaza kwa mate.

*Kuni zangu zalilia, moshi umejaa pote,*
*Wateja wananilia, kama msiba wa wote,*
*Chapati nikawatia, wakanyamaza kwa mate,*
*Mvua ukivamia, gonga hodi, usipite.*

Angalau mvua ilitajwa. Mara moja, mlangoni, na ikaambiwa ingoje. Ndege wanapiga kambi, dume linatawanya mawingu, mama anauza chapati, na mvua yenyewe bado iko nje ya shairi kama mtu asiye na kadi ya mwaliko. Ilibaki ubeti mmoja wa kuiingiza ndani. Ubeti wangu, kwangu, Alhamisi.

Siku hizo mbili sikuwa fundi, nilikuwa waziri. Niliazima viti kwa majirani wanne. Nilifagia uwanja mpaka ukaanza kung'aa. Nilichinja jogoo, ambaye kwa kweli alikuwa mzee na alihitaji kuchemshwa tangu Jumatano. Nilikuwa nimeshaamua neno kwa neno nitakavyowaambia: huku ni kwangu, na mimi nataka mvua. Si ndege, si ng'ombe, si kuni. Mvua inayoshuka kutoka vilima vya Tarime ikipiga mabati kama ngoma, watu wanatoka nje midomo wazi. Wangeinama, wangelima, wangekula jogoo wangu, na Jumamosi ningemkabidhi mwalimu daftari kwa mikono miwili.

Alhamisi alfajiri mvua ikanyesha.

Haikugonga hodi. Ilimwagika kama mtu amepiga teke pipa la mbinguni. Nilisimama mlangoni nikaiangalia inavyoingia kwenye zile nyufa, na mwili wote ulifurahi isipokuwa sehemu moja ndogo, yenye ukubwa wa daftari, iliyosema: leo? Umekosa siku nyingine zote, ukachagua leo?

Kwa sababu sheria ya kulimiana ina kifungu kimoja ambacho nilikisahau, na hakuna mtoto wa huku anayekisahau. Mvua ya kwanza ikishuka, zamu zinasimama. Kila mtu anakwenda kwake kupanda kabla udongo haujabadili mawazo. Hakuna anayekwenda kwa mwenzake, hata kama mwenzake amechinja jogoo.

Niliketi. Viti vingine nilivyoazima vimepangwa ndani, vitupu, vinanitazama. Saa nne, hakuna mtu. Saa tano, mke wangu akapita mbele yangu na mbegu kwenye bakuli na jembe begani.

"Unangoja wageni?"

"Watakuja tu. Bibi si mtu wa kuvunja ahadi."

"Bibi yuko shambani tangu saa kumi na mbili, amejifunga kanga mbili. Nimemwona. Hata dume la jirani linavuta plau. Ni wewe peke yako Ringwani nzima uliyekaa kwenye kiti."

Nikachukua daftari, nikalifunga kwenye mfuko wa mbolea, nikatoka kuwatafuta. Nilimkuta mfugaji anageuza dume lake mwisho wa tuta.

"Kaka, ubeti wangu."

"Mura, unaona mvua hii? Shika hapa, vuta."

Nikavuta. Nikapanda matuta mawili ya mahindi yake. Kwa bibi nikamwaga ulezi. Mama chapati alikuwa amefunga kibanda na kuhamia kwenye viazi, akaniambia, "Fundi, leo hata ukinipa wimbo wa taifa sitaimba." Nikarudi kwangu saa tisa, nikamkuta mke wangu amepanda nusu shamba peke yake. Sitaandika aliyoniambia. Nikapanda nusu iliyobaki kwa kasi ya mtu anayekimbizwa. Jioni nikajaribu kuandika ubeti mwenyewe, lakini shairi lilitakiwa litungwe pamoja, na kila mstari niliouandika ulikuwa na hasira ndani yake. Jogoo tulimla sisi, na bado alikuwa mgumu.

Ijumaa vivyo hivyo. Mvua, matuta, mgongo.

Jumamosi nikaenda kwa mwalimu na daftari lenye beti tatu na ukurasa mmoja mtupu. Pikapu ilikuwa imeshajazwa: kitanda, ndoo, masufuria, godoro limefunikwa turubai. Alisoma pale pale akiwa amesimama. Kwa ndege alicheka. Kwa dume alishika mlango wa gari. Akafungua ukurasa wa nne, akaugeuza, akautazama na nyuma.

"Wako uko wapi?"

Nikajifuta vidole kwenye suruali. Mwanamume mzima, cheti ukutani. "Mvua imeula, mwalimu."

Akafunga daftari, akapanda gari akaliweka mapajani mwake, na pikapu ikaondoka. Ikaenda kama hatua mia mbili. Pale kwenye bonde la udongo mweusi, ambapo hata mjusi huvua viatu, ikazama mpaka kwenye mihimili.

Dereva akapiga honi. Watu wakatoka mashambani na majembe yao, miguu myeusi mpaka magotini, na wa mbele walikuwa ni hao wenzangu watatu, ambao kwa siku mbili nzima sikuweza kuwapata hata kwa kuwavuta. Bibi akaegemeza mkono kwenye boneti kama daktari. Mfugaji akapanga watu nyuma. Nami nikasukuma bega langu kwenye lile turubai.

Huwezi kusukuma gari huku kwetu kimya kimya, mtu lazima aongoze. Mfugaji akapaza sauti:

*Mvua imeshafika, gari limekula tope!*

"Hee!" wakaitikia, tukasukuma. Halikutikisika. Lakini kichwa changu kilitikisika, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimehesabu vyenyewe kwenye bati: nane na nane. Mama chapati akadakia:

*Madamu hataondoka, hata dereva aape!*

"Hee!" Nane na nane, vina kati, vina mwisho. Nikapiga kelele, "Ngojeni! Ngojeni niandike!" Nani alinisikia? Na ningeandika na nini? Daftari liko mapajani mwa mwalimu, mikono yangu yote miwili iko kwenye gari. Nikageuka kutafuta kipande chochote cha karatasi, mguu ukateleza, nikaenda chini kifudifudi, mzima mzima kama gogo. Nikasikia sauti ya bibi juu yangu, bila hata kuvuta pumzi:

*Mshairi kaanguka, meno tu ndiyo meupe!*

Bonde zima likacheka. Mwalimu alikuwa ametoa kichwa dirishani, machozi yanamtoka, sijui ya kicheko au ya nini. Akafungua mdomo. Niliona kabisa kwamba ni mstari, nane na nane, niliona jinsi alivyopumua katikati, kama alivyokuwa akipumua ubaoni. Wakati huo huo dereva akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, magurudumu yakanirushia tope masikioni, na gari likachomoka likapanda mlima, mkono wa mwalimu ukipunga mpaka likapinda kona.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Nani?" akasema mfugaji.

"Mwalimu! Mstari wa nne!"

Mama chapati hakusikia. Bibi alisema kwa umri wake anasikia anayotaka tu. Wakachukua majembe yao, wakarudi kupanda.

Ubeti wangu ulifika, basi, na ulitungwa pamoja, na mvua ilikuwa ndani yake mstari wa kwanza kabisa. Nilichochangia mimi ni kuanguka.

Nimempigia simu mwalimu si chini ya mara elfu moja, sawa, mara sita. Anasema amemsomea mama yake shairi lote, mama alilipenda sana dume. Anasema mstari wa nne anaukumbuka vizuri, hajausahau hata neno. Mara ya kwanza nilimbembeleza, mara ya tatu nikamwomba kwa heshima ya cheti alichonipa, mara ya sita nikakasirika.

"Mwalimu, niambie basi. Ubeti ni wangu."

"Ndiyo maana sikuambii," akasema. "Huko ni kwako, fundi. Mwenye shamba ndiye anayesema kinapandwa nini. Si ndiyo sheria yenu?"

Nimeshajaza daftari mbili. Naamka, naandika mstari, nahesabu, naukata. Kila mwaka mvua ya kwanza ikipiga bati nasimama mlangoni na kalamu, nikidhani safari hii utakuja, na kila mwaka mke wangu anapita mbele yangu na bakuli la mbegu, ananyoosha mkono, anachukua kalamu, ananipa jembe.